Ajali ya 1889 sio iliyoziua: kisa cha reli za mteremko za Cincinnati

Hii kitu ilianza na voisi noti ya shemeji yangu. Yuko Cincinnati, Ohio, anabeba abiria kwa app, sasa siku moja kampakia bibi mmoja wa pale pale, mzaliwa, wakawa wanapita chini ya kilima, bibi akamnyooshea kidole akamwambia zamani hapo kulikuwa na reli inapanda mlima moja kwa moja, kamba ikakatika, wakafa watu, basi ndo ukawa mwisho wa reli zote za namna hiyo mjini. Shem akanirushia: "Shem, wewe ndo mgonjwa wa matreni, hebu nicheki, huyu bibi ni kweli au ananipiga stori tu?"

Nikamwambia nipe siku mbili. Ikawa wiki tatu.

Kwanza niseme kwa nini nilidandia haraka hivyo. Mi ni mtu wa Mwanza, nimekua napanda Bugando kwa miguu, kwa hiyo mji wenye vilima naujua kwenye magoti, sio kwenye picha. Na pili, sisi huku Afrika Mashariki tulishawahi kuwa na kitu cha ukoo huo huo, wengi hawajui. Reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa, ule mporomoko wa Kikuyu ukitoka upande wa Limuru, njia ya kudumu ya kuzunguka zunguka ilikuwa bado haijaisha, sasa mainjinia wakaweka njia ya muda, mabehewa yanashushwa kwa kamba za chuma. Pale penye mwinamo mkali kabisa behewa halikushuka kwa magurudumu yake, lilipandishwa juu ya toroli kubwa ambalo upande wa bondeni lina miguu mirefu na upande wa mlimani mifupi, ili behewa likae sawa kama liko uwanjani. Shika hiyo picha ya toroli maana Cincinnati walifanya vile vile, tena miaka ishirini na kitu kabla, na wao walipakia tramu nzima na abiria wake ndani.

Namna inavyofanya kazi ni kama ndoo mbili za kisima kwenye roda moja. Gari moja likishuka lingine linapanda, uzito unasaidiana, injini ya mvuke iliyokaa juu kilimani inamalizia tu ile tofauti. Njia mbili sambamba, dramu la kuzungushia kamba juu, mtu mmoja ameshika mashine. Hakuna maajabu. Maajabu ni yule mtu mmoja, tutamrudia.

Sasa Cincinnati yenyewe. Mji wa zamani umekaa kwenye kibonde kando ya mto Ohio, vilima vimeuzunguka, vinanyanyuka kama futi 300 juu ya bonde. Sensa ya 1870 iliwakuta watu 216,239, na wengi wao walikuwa wamebanana hapo chini pamoja na viwanda, moshi wa makaa, na machinjio ya nguruwe. Usafiri ulikuwa tramu za farasi, na farasi hapandi kilima cha hivyo akiwa anavuta gari la watu. Juu kulikuwa na hewa safi na viwanja, chini kulikuwa na watu na hela, ndo akili ya inklaini ikazaliwa hapo. (Wenyewe pale wanaziita hivyo hivyo, inklaini, na mi nitatumia hilo maana "reli ya mteremko" kila mstari inachosha.)

Zilikuwa tano. Ya kwanza ya Mt. Auburn (hiyo "Mt." ni kifupi cha Mount, mlima), 1872. Ikafuata Price Hill 1874, halafu Mt. Adams na Bellevue zote 1876, na ya mwisho Fairview, ambayo ilikuja miaka ya 1890. Nikizitaja hivi inaonekana rahisi lakini hapa ndo nilipopotea wiki nzima ya kwanza, kwa sababu kila moja ina majina zaidi ya moja. Ile ya Mt. Auburn kwenye magazeti mara nyingi inaitwa ya Main Street, kwa sababu mguu wake ulikuwa mwisho wa huo mtaa. Bellevue unaikuta kama Elm Street au Clifton. Mi nilikuwa na karatasi yangu nimeandika inklaini saba, najiona nimegundua mbili ambazo watu wamezisahau, kumbe naihesabu Main Street na Mt. Auburn mbali mbali, na Elm Street na Bellevue mbali mbali. Nilichanganya kama mtu anayehesabu ndugu kwa majina ya utani. Nilichofanya baadae ni kuacha majina kabisa nikaanza kuzitambua kwa mguu na kichwa, yani inaanzia mtaa gani na inaishia kilima gani, na hapo ramani za Sanborn zikasaidia sana, zile zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, zinaonyesha jengo kwa jengo.

Haya, ajali. Bibi wa shem hakudanganya hapo, ajali ipo, ni ya Oktoba 15, 1889, na ni hiyo ya Mt. Auburn. Magazeti ya zamani ya Marekani yameskaniwa na Maktaba ya Kongresi, unatafuta bure, ila ujue ile programu iliyosoma maandishi ilikuwa inasoma gazeti chakavu, herufi i inageuka l, "incline" inatoka kama kitu ambacho hata mlevi hawezi kutamka. Nilipata zaidi kwa kutafuta tarehe kuliko kutafuta neno. Fungua magazeti ya tarehe 16 na 17, miji mbali mbali, soma ukurasa wa kwanza kwa macho yako. Na angalizo hapa, usifurahi ukikuta magazeti kumi yanasema kitu kimoja. Nilifurahi mimi, halafu nikagundua ni habari moja ya telegrafu, kila mhariri kaibandika kama ilivyo, hata koma ziko pale pale.

Kilichotokea ni hivi. Gari lilipanda vizuri mpaka juu. Likafika. Yule mtu wa mashine akataka kufunga mvuke, valvu ikagoma, injini ikaendelea kuvuta. Gari limeshafika mwisho wa njia, halina pa kwenda, na injini inazidi kuvuta, kitu lazima kiachie, na kilichoachia ni kamba. Zote mbili. Gari likarudi chini lenyewe mteremko mzima na kujipigiza Main Street. Watu sita wakafa.

Nimerudia kusoma hiyo sehemu mara nyingi kwa sababu inabadilisha maana ya "kamba ilikatika". Kila gari lilikuwa na kamba ya pili ya usalama. Wazo la kamba ya pili ni kwamba ya kwanza ikichakaa na kukatika njiani, ya pili inashika. Ni wazo zuri kwa hatari hiyo moja. Lakini haikusaidia kitu kwa injini isiyosimama, kwa sababu nguvu iliyoishinda ya kwanza ndo hiyo hiyo iliyoiendea ya pili sekunde ile ile. Tatizo lilianzia kwenye mashine, halikuanzia kwenye kamba, na ulinzi wote uliwekwa kwenye kamba. Fundi yeyote wa winchi pale bandarini Mwanza South atakuelewa ukimwambia hivi, kinachotakiwa ni kitu cha kukata nguvu chenyewe mzigo ukifika kikomo, bila kusubiri mkono wa mtu.

Kati ya waliokufa kuna jina lilinisimamisha: William M. Dickson, alikuwa jaji. Nilianza kumtafuta ili tu nihakikishe tarehe ya kifo (mbinu nzuri hiyo, mtu maarufu kwenye ajali ni kama msumari wa kutundikia tarehe), nikajikuta saa saba za usiku nasoma mambo mengine kabisa. Mke wake alikuwa binamu wa mke wa Abraham Lincoln, na Lincoln alipokuja Cincinnati 1855 kwenye kesi ya mashine za kuvunia alilala nyumbani kwao. Halafu Septemba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la majimbo ya Kusini linautishia mji, polisi wakaanza kuwakamata wanaume weusi majumbani, wanawaburuza kwenda kuchimba mahandaki upande wa Kentucky, wanawatendea kama wanyama. Dickson ndo akapewa kulisimamia hilo kundi, akawarudisha kwanza makwao wakaonane na familia zao, kisha wakajitokeza kwa hiari, karibu watu 700, wakaitwa Brigedi Nyeusi ya Cincinnati. Kazi ilipoisha wao wenyewe walimzawadia upanga. Mmoja wao, Powhatan Beaty, baadae alipata nishani kubwa kabisa ya jeshi la Marekani. Na mtu huyu akaja kufia kwenye usafiri wa kurudi kilimani, kwa sababu ya valvu. Shem nilipomtumia hiyo alikaa kimya siku nzima, halafu akajibu, "Kumbe hicho kilima napita kila siku."

Basi, ajali ni kweli. Swali la shem lakini lilikuwa na mguu wa pili, kwamba ndo iliziua zote. Hapo ndo bibi anakwama, na wala haihitaji ujuzi, inahitaji kalenda. Inklaini yenyewe iliyoua watu, ya Mt. Auburn, ilifungwa 1898. Miaka tisa baada ya ajali! Fairview ilijengwa baada ya ajali, watu walitoa hela zao mfukoni kujenga nyingine wakati makaburi ya watu sita bado mapya. Ikafungwa 1923. Bellevue ikaenda mpaka 1926, Price Hill mpaka 1943, Mt. Adams mpaka 1948. Kama ajali ndo muuaji basi ni muuaji mvivu kuliko wote, kamaliza kazi miaka 59 baadae.

Kwa hiyo nani? Hapa nitaeleza ninavyoona mimi, na ushahidi wangu ni mwepesi kueleza kuliko kukusanya.

Inklaini iliishi kwa sababu moja tu, farasi hawezi. Siku kitu kingine kikiweza, inklaini inabaki na faida gani? Na hicho kingine kilianza kabla ya ajali. Miaka ya 1880 Cincinnati walijenga njia tatu za tramu za kebo, zile gari linashika waya unaokimbia chini ya barabara, na mojawapo ilikuwa inapanda huko huko Mt. Auburn kwa barabara ya kawaida. Abiria hashuki, hasubiri zamu ya jukwaa, hatazami chini akaogopa. Halafu ukaja umeme, na umeme ukaziua hata hizo kebo zenyewe, maana tramu ya umeme inapanda mwinamo ambao farasi watano wangekataa, na penye mwinamo mkali zaidi unaizungusha tu kwa barabara ndefu.

Na sasa kioja ambacho ndo kimenifanya niandike hiki kisa badala ya kumjibu shem kwa ujumbe mfupi. Kampuni yenye inklaini ya Mt. Auburn, Cincinnati Inclined Plane Railway, ilikuwa ni moja kati ya zilizouleta huo umeme mjini. Nimeijulia mahakamani. Maana tramu zao zilitumia waya mmoja juu na umeme ukawa unarudi kwa kupitia reli na ardhi, na ardhi hiyo hiyo ndo simu za wakati ule zilikuwa zinaitumia kukamilisha saketi, basi simu za mji zikawa zinavuma na kukoroma, kampuni ya simu ikaenda kushtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Ohio, na 1891 ikaamuliwa kwa upande wa reli, kwamba barabara kwanza ni ya kupita watu, simu itafute namna yake. (Pamoja na ushindi huo Cincinnati ikabaki kuwa mji wa ajabu kidogo, tramu zake zilikuwa na waya mbili juu badala ya mmoja, ukiona picha ya zamani yenye tramu ya antena mbili ujue una bahati, umeshapata mji.) Yani kampuni ilikuwa imeshika jembe kwa mkono huu na trekta kwa mkono ule. Ikisifia trekta inalichimbia kaburi jembe lake yenyewe.

Ukiongeza na 1896, Ohio wakapitisha sheria iliyojulikana kama Sheria ya Rogers, inaruhusu leseni za miaka 50 kwa kampuni za tramu. Mwenye uhakika wa nusu karne haoni shida kuweka hela kwenye reli mpya za umeme, na pia haoni sababu ya kulipia mvuke, kamba, dramu, na watu wa zamu kwa ajili ya futi mia chache za kilima. Miaka miwili baadae Mt. Auburn ikafungwa. Siwezi kukuonyesha karatasi moja iliyoandikwa "tunafunga kwa sababu hii", ila ukipanga hizo tarehe mstari mmoja, ajali inakaa mbali sana na kaburi kuliko umeme.

Kuna mtu atasema mbona basi Mt. Adams iliendelea mpaka 1948, umeme si ulikuwepo? Swali zuri na nilijiuliza mwenyewe. Jibu liko kwenye lile toroli la miguu mirefu. Mt. Adams haikushindana na tramu ya umeme, iliibeba. Tramu inakuja mpaka chini, inaingia kwenye jukwaa na watu wake, inainuliwa, inatoka juu inaendelea na safari, njia ya namba 49 iliyokuwa inaenda mpaka zuu, bustani ya wanyama, kupitia bustani ya mji inayoitwa Eden Park. Kuna picha za kampuni ya Detroit Publishing za mwanzoni mwa miaka ya 1900 zinaonyesha hivyo, tramu imekaa juu ya jukwaa kama sahani mezani, na nyuma unaona kiwanda cha vyungu cha Rookwood kilichokaa pale kileleni. Kilima chenyewe ni kigumu, vijia vyembamba, ngazi kila mahali, mpaka leo Ijumaa Kuu waumini wanapanda zile ngazi kwenda kanisani juu wakisali kila hatua. Kwa hiyo pale inklaini ilikuwa ni kipande cha barabara, na kipande cha barabara hukiondoi hivi hivi mpaka barabara yote ife.

Ikafa. Aprili 1948 wakaifunga kwa matengenezo, ndivyo walivyosema, matengenezo, na haikufunguliwa tena. Miaka mitatu baadae, 1951, tramu ya mwisho ya mji ikaondoka, yakabaki mabasi.

Hilo neno "matengenezo" lilinipeleka Pittsburgh kidogo, mji mwingine wa Marekani wenye inklaini, maana huko 1962 ilitokea kitu hicho hicho. Inklaini ya Duquesne, ya 1877, ikafungwa kwa sababu mitambo imechakaa na hela hamna. Wakazi wa juu kilimani wakagoma kukubali, wakachangishana, wakauza hisa ndogo ndogo na keki, na Julai 1963 ikafunguliwa, inafanya kazi mpaka leo pamoja na dada yake ya Monongahela ya 1870. Tofauti iliyonigusa mimi haikuwa mapenzi, maana watu wa Cincinnati nao walizipenda za kwao na walilia. Ni kwamba Duquesne ilikuwa inabeba watu tu, kibanda na abiria basi, haikutegemea tramu wala mtandao wowote, unaweza kuiendesha kama kitu kinachojitegemea. Kile kilichoiokoa Mt. Adams kwa miaka hamsini, kwamba inabeba tramu, ndo kiliiponza tramu zilipoondoka.

Nimeruka kumbi za starehe na najua kuna wadau watalalamika. Haya, kwa ufupi, wenye inklaini walijenga majumba makubwa ya bia na muziki juu kabisa, Lookout House pale Mt. Auburn, Highland House pale Mt. Adams, na kadhalika, ili watu wapande Jumapili. Lookout House 1877 walileta nyangumi mweupe, mzima, juu ya kilima, Ohio, mbali na bahari kiasi hicho, na mnyama akafa kama ambavyo yeyote angewaambia. Price Hill wao walikataza pombe kabisa, wakataniwa kwamba kilima chao ni cha mtindi. Yale majumba yalififia mapema, kwa hiyo yamo kwenye stori ya namna zilivyoanza, kwenye namna zilivyokufa hayana uzito sana.

Nimemtumia shem haya yote kwa voisi noti nne maana moja haikutosha. Kaniuliza, sasa akimpata tena yule bibi amwambie alikosea? Nikamwambia hapana shem, bibi alikuwa na nusu yake, tena nusu yenye watu waliokufa, mwachie. Ila apite Jackson Hill Park, ndo pale kichwa cha inklaini ya Mt. Auburn kilipokuwa, anipigie picha akiwa ameangalia chini kuelekea Main Street. Picha imekuja jana. Kasimama na wanae wawili, nyuma yao mji wote uko chini miguuni, na kaandika kwamba amepanda kwa gari, gia ya kwanza, na mtoto mdogo alikuwa anauliza mbona hamna lifti.